Saa za mzaha kwenye kompyuta zisizojua saa

Washa Commodore 64 saa nane mchana, kisha iulize ni saa ngapi. Utaikuta ndiyo kwanza inatoka kwenye 000000, yaani saa sita kamili usiku. Iwashe alfajiri, jibu ni lile lile. Kwa kompyuta hii siku huanza pale umeme unapoingia, na ukiizima, kila ilichojua kuhusu wakati kinapotea, maana ndani yake hamna betri ya kuitunza saa. Haikuwa peke yake. ZX81, ZX Spectrum, BBC Micro, Apple II na karibu kompyuta zote zilizoingia majumbani mwa watu huko Marekani na Ulaya tangu 1977 hadi katikati ya miaka ya 1980 zilitoka kiwandani zikiwa hivyo hivyo.

Ajabu ni kwamba wenye kompyuta hizo walipenda mno kuziandikia saa. Na hawakutosheka na saa za kawaida. Waliandika saa zinazorudi nyuma, saa zenye ndege anayechungulia dirishani na kulia kila saa inapotimia, saa zinazokataa kutaja dakika na kukwambia tu kwamba inakaribia saa nne, saa ambazo tarakimu zake zinayeyuka mbele ya macho yako. Ni programu ndogo, nyingine hazizidi mistari kumi, na lengo lake la kwanza ni kukuchekesha.

Historia za kompyuta huzipita programu hizi bila hata kuzitupia jicho. Kurasa huenda kwa michezo iliyouzwa kwa mamilioni na programu za hesabu zilizobadilisha kazi za ofisini. Mimi naziona saa hizi za mzaha kuwa kazi ya ufundi inayostahili heshima, kwa sababu moja iliyo wazi: huwezi kuifanyia saa utani mpaka kwanza umeiweza. Saa inayorudi nyuma inachekesha endapo tu inarudi kwa mwendo sahihi, sekunde kwa sekunde. Ikienda ovyo, hapo hamna utani, kuna ubovu.

Tuanze na mazingira zilimozaliwa. Commodore 64 ilitoka Marekani mwaka 1982 kwa dola 595. Ikiwaka, ilikuonyesha skrini ya buluu na taarifa kwamba una baiti 38,911 za kuandikia programu zako. Hakukuwa na picha za kubofya wala menyu. Kulikuwa na lugha ya BASIC na alama inayomweka ikikusubiri uandike. Programu nyingi hazikununuliwa dukani. Zilichapishwa kwenye magazeti kama Compute!'s Gazette, lililoanza Julai 1983, na msomaji akakaa kuzinakili kwa mkono kwenye kibodi, herufi moja baada ya nyingine. Mkato mmoja ukiwekwa pasipo pake, programu nzima ilikwama. Tatizo hilo lilisumbua kiasi kwamba gazeti hilo lilichapisha programu ya kukagua unachonakili: kila ukimaliza mstari, inakupa alama ya kulinganisha na ile iliyo kwenye ukurasa.

Katika hali hiyo, programu fupi ilikuwa neema. Mchezo mrefu wa kurasa tatu uliweza kumaliza Jumamosi nzima ya mtoto na mwisho wa yote ukakataa kuwaka. Saa ya mistari kumi ilinakiliwa kabla ya chakula cha jioni, ikafanya kazi, na mtoto akabaki na muda wa kuigeuza apendavyo. Hapo ndipo mzaha ulipoingia.

Commodore ilikuwa na njia rahisi kuliko wenzake. BASIC yake ina majina mawili maalumu, TI na TI$. TI ni hesabu inayoongezeka mara 60 kila sekunde tangu kompyuta ilipowashwa. TI$ ni hesabu hiyo hiyo ikiwa imepangwa kwa tarakimu sita: mbili za saa, mbili za dakika, mbili za sekunde. Siku nzima ni hesabu 5,184,000, na ikifika hapo inarudi sifuri. Unaweza kuirekebisha saa kwa mstari mmoja tu: ukiandika TI$="140000" umeiambia ni saa nane mchana. Anayetaka saa ya kurudi nyuma anazigeuza hesabu za TI kuwa sekunde, anazitoa kwenye 86,400, ambazo ndizo sekunde za siku, kisha anagawanya kupata saa na dakika. Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi, lakini mtoto aliyeifanya ili amchekeshe dada yake hakuisahau.

Hesabu hizo 60 zinatoka wapi? Ndani ya kompyuta kuna chipu yenye kipima muda kinachoikatiza prosesa kazi yake mara 60 kwa sekunde. Kila inapokatizwa, prosesa inaacha ilichokuwa ikifanya, inaongeza moja kwenye hesabu iliyohifadhiwa katika anwani 160 hadi 162 za kumbukumbu, inaangalia kama kuna kitufe kimebonyezwa, inaimwekesha alama ya kuandikia, kisha inarudi kazini. Ukipakia programu kutoka kwenye kaseti, kompyuta inahitaji umakini wake wote kusikiliza mlio wa mkanda, na utaratibu huo unavurugika. Kwa hiyo saa yako ikiwa sahihi kabla ya kupakia kaseti, baada ya hapo usiiamini tena.

Kisa cha Spectrum ndicho kinachonifurahisha zaidi. Kompyuta hii ya Sinclair, kampuni ya Cambridge, Uingereza, iliingia sokoni Aprili 1982 kwa pauni 125 yenye kilobaiti 16, au pauni 175 yenye 48. Kitabu cha maelekezo kilichoandamana nayo, kilichoandikwa na Steven Vickers, ni miongoni mwa vitabu bora kabisa vya kumfundisha mtu kompyuta, na ndani yake mna programu ya saa. Namba 1 hadi 12 zinapangwa kwa duara kwa kutumia COS na SIN, kisha mshale wa sekunde unaanza kuzunguka. Katika toleo la kwanza la programu hiyo, kompyuta inaambiwa ingoje kidogo kati ya hatua moja na nyingine kwa amri ya PAUSE 42. Spectrum huhesabu vipande 50 kwa sekunde, kwa nini basi 42 na si 50? Kwa sababu kuufuta mshale, kukokotoa mahali papya na kuuchora tena kunakula muda uliobaki. Mwandishi aliupunguza muda huo. Namba hiyo moja inamfundisha mwanafunzi jambo ambalo mihadhara mingi hushindwa kulifikisha: kompyuta nayo hutumia muda kufikiri, na muda huo lazima uuhesabu.

Kisha kitabu kinamwonyesha njia bora. Spectrum ina hesabu yake, inayokaa anwani 23672 hadi 23674, na inaongezeka mara 50 kwa sekunde huko Uingereza. Hesabu hiyo inaweza kwenda siku 3, saa 21 na dakika 12 kabla ya kujaa na kuanza upya. Ila ina udhaifu mmoja ambao kitabu kinautaja waziwazi: inasimama kila kompyuta inapotoa sauti. Spectrum haina chipu ya muziki. Ili ilie, prosesa yenyewe inalazimika kukisukuma na kukivuta kispika kwa mkono wake, na wakati huo inaziba masikio isikatizwe na chochote, hata na saa.

Mfikirie sasa mtoto anayetaka saa ya ndege anayelia. Saa moja analia mara moja, saa mbili mara mbili, hadi kumi na mbili. Ukijumlisha kuanzia moja hadi kumi na mbili unapata milio 78, na kwa siku nzima milio 156. Kila mlio ukiwa wa nusu sekunde, ndege huyo anaiba sekunde 78 kwa siku. Saa inachelewa kwa sababu inatangaza saa. Mzaha huu haukubuniwa na mtu, umo ndani ya waya za kompyuta yenyewe. Dawa yake nayo ni nzuri: baada ya kila mlio, programu inaongeza 25 kwenye hesabu kulipa nusu sekunde iliyoibwa. Mtoto aliyefika hapo alikuwa tayari ameelewa jinsi prosesa inavyogawa muda wake kati ya kazi mbili, somo ambalo wanafunzi wa vyuo vikuu hulisoma kwa majina mazito.

Commodore 64 ilikuwa na saa nyingine iliyofichika, na hii inatuhusu sisi wa huku moja kwa moja. Chipu zake mbili zinazoitwa CIA, kila moja ina saa kamili yenye saa, dakika, sekunde na sehemu za kumi za sekunde. Saa hizo haziendi kwa kipima muda cha ndani. Zinahesabu mawimbi ya umeme wa ukutani. Marekani umeme hupiga mara 60 kwa sekunde. Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Oman na Ulaya hupiga mara 50. Kompyuta ikiwaka, programu yake ya ndani huiweka saa hiyo kwenye 60 bila kuuliza ipo nchi gani. Matokeo yake, ukiichomeka kwenye umeme wetu na kuiacha ilivyo, inapoteza dakika 10 kila saa. Tiba ni kubadili biti moja katika anwani 56334:

POKE 56334,PEEK(56334) OR 128

Ukishafanya hivyo, saa inakwenda vizuri kadiri shirika la umeme linavyoitunza kasi ya mitambo yake. Na hilo si jambo la kulichukulia hivi hivi. Mwanzoni mwa 2018, kutokana na mvutano kati ya Serbia na Kosovo juu ya umeme, kasi ya gridi ya bara la Ulaya ilishuka kidogo kwa majuma kadhaa, na saa za majiko na za kando ya vitanda zinazotegemea mawimbi hayo zikachelewa kwa takriban dakika sita. Commodore 64 iliyoachwa ikiwaka Ujerumani kipindi hicho, ikiwa inasoma saa hii, nayo ingechelewa vivyo hivyo.

Saa hiyo ina tabia nyingine inayostahili kutajwa. Ukisoma namba ya saa, maonyesho yote yanaganda mpaka usome sehemu za kumi za sekunde. Ndani saa inaendelea, ila nje unaonyeshwa wakati ule ule. Waliobuni chipu walikusudia hivyo, ili usije ukasoma saa tatu na dakika ya saa nne. Lakini mwandishi anayesahau kusoma ile namba ya mwisho anapata saa iliyosimama kabisa, na anaweza kutafuta kosa usiku kucha bila kuliona, kwa sababu hakuna kosa. Kuna hatua moja tu iliyorukwa.

Sasa tuje kwenye saa ya mzaha ambayo kwangu haina mpinzani. Inaitwa Dali Clock, na aliyeiandika ni Steve Capps. Aliianzia kwenye Xerox Alto, kompyuta ya watafiti ambayo haikuwahi kuuzwa kwa watu wa kawaida, kisha akaileta kwenye Macintosh, iliyozinduliwa 24 Januari 1984 kwa dola 2,495. Capps alikuwa mmoja wa vijana walioitengeneza Macintosh yenyewe. Jina la programu linatokana na Salvador Dalí, mchoraji wa Uhispania ambaye mwaka 1931 alichora saa laini zilizolegea na kuning'inia kama nguo iliyoanikwa. Mchoro huo uko New York, katika jumba la makumbusho la MoMA, na ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani: sentimita 24 kwa 33.

Macintosh, tofauti na Commodore, ilikuwa na betri ya kutunza saa. Inahesabu sekunde tangu 1 Januari 1904, na hesabu hiyo itajaa tarehe 6 Februari 2040. Kwa hiyo Capps hakuhangaika kuupata wakati. Alihangaika na namna ya kuuonyesha. Kwenye Dali Clock, tarakimu hairuki kutoka moja hadi nyingine. Inayeyuka na kugeuka. Kwa kuwa saa inaonyesha sekunde, tarakimu ya mwisho haitulii hata kidogo. Ndiyo kwanza umeitambua tano, tayari imeanza kulegea kuwa sita.

Nakushauri uelewe inavyofanyika, maana urahisi wake ndio uzuri wake. Kila tarakimu inakatwa mistari myembamba ya mlalo kutoka juu hadi chini. Kwa kila mstari, programu haikumbuki picha, inakumbuka tu wino unaanzia wapi na kuishia wapi. Mstari wa katikati ya sifuri una vipande viwili vya wino, kimoja kushoto, kingine kulia, na uwazi kati yao. Mstari wa katikati ya moja una kipande kimoja. Sifuri inapogeuka kuwa moja, ncha za vipande vile zinasogea hatua kwa hatua kuelekea mahali papya. Kipande cha kushoto na cha kulia vinasogeleana, uwazi unazibika, na moja inasimama. Programu haibebi picha za katikati zilizochorwa kabla. Kila umbo unaloliona njiani, lisilo sifuri wala moja, limekokotolewa papo hapo na prosesa ya megahezi 7.8 kwenye kompyuta yenye kilobaiti 128 za kumbukumbu.

Hakuna neno lolote la kuchekesha kwenye skrini, wala ndege, wala sauti. Unacheka kwa sababu tarakimu, kitu tunachokiamini kuwa kigumu na cha hakika, zimekuwa uji. Na bado saa ni sahihi kabisa. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kuzipima saa zote za aina hii. Mwaka 1991 Jamie Zawinski aliiandika upya kwa ajili ya kompyuta za Unix, na tangu hapo imehamishiwa kwenye mitambo mingi ambayo Capps hakuiota.

Nyingine nyingi hazikubahatika hivyo. Zilibaki kwenye kaseti ambazo sasa zina umri wa miaka 40 na mikanda yake inachakaa, au kwenye kurasa za magazeti yaliyokwisha kuchanwa na kutupwa. Sehemu ya magazeti hayo imepigwa picha na kuwekwa mtandaoni na Internet Archive ya San Francisco, na yeyote anaweza kuyasoma bure. Nawaomba hasa walimu wa kompyuta wa shule zetu wayapitie. Mwanafunzi anayeanza kuandika programu hupewa mazoezi ya kukokotoa wastani wa alama au kupanga majina kwa alfabeti, akamaliza bila kutabasamu. Mpe saa. Kila mtu anajua saa inavyotakiwa kwenda, hivyo kosa linaonekana mara moja bila mwalimu kusahihisha, na kila mtu ana wazo lake la namna ya kuiharibu kwa makusudi.

Huhitaji kununua kompyuta ya mwaka 1982 ili ujaribu. Kuna programu ya bure iitwayo VICE, inayoigeuza kompyuta ya kawaida kuwa Commodore 64. Nimekuandalia saa fupi inayosoma saa kwa hesabu yetu ya Kiswahili, na inayojua kwamba saa nne asubuhi ni wakati wa chai. Kwenye mstari wa 10 weka wakati wa sasa kwa mtindo wa saa 24, halafu andika RUN:

10 TI$="095900"
20 PRINT CHR$(147)
30 H=VAL(LEFT$(TI$,2))-6
40 IF H<1 THEN H=H+12
50 IF H>12 THEN H=H-12
60 PRINT CHR$(19);"SAA";H;MID$(TI$,3,2);"   "
70 IF LEFT$(TI$,2)="10" THEN PRINT "CHAI IKO WAPI?"
80 GOTO 30

Mstari wa 30 unatoa saa sita, na ile ya 40 na 50 inahakikisha jibu halitoki nje ya moja hadi kumi na mbili. Ukiiacha ilivyo hapo juu, baada ya dakika moja itafika saa nne na kuanza kudai chai. Ina kasoro moja: ikifika saa tano, maneno hayo bado yatakuwepo kwenye skrini, kwa sababu hakuna mstari unaoyafuta. Mstari huo uandike wewe.